Tafakari ya Juma: Pete Inayohesabu Usingizi



Wapendwa wanaparokia na wasomaji wote wa tafakari hizi, kwa miezi mingi nimekuwa nikilikwepa swali moja. Limeulizwa sakristiani, limeulizwa baada ya Misa ya pili pale chini ya mparachichi, limeulizwa hata na mtoto mmoja wa Utoto Mtakatifu aliyenishika mkono bila woga wowote akataka kujua kama Padre ameoa. Mama mmoja wa WAWATA alikwenda mbali zaidi. Aliwanong'oneza wenzake kwamba huenda barua imekwisha kutoka Roma, nami nasubiri tu kutangazwa kuwa askofu. Niseme wazi leo ili uvumi uishe: pete ninayoivaa katika kidole cha shahada cha mkono wa kulia si ya ndoa wala si ya kiaskofu. Ni mashine, na kazi yake ni kuhesabu usingizi wangu.

Nililetewa na mpwa wangu, binti wa dada yangu, ambaye ni muuguzi huko Ujerumani, alipokuja kwenye Jubilei yangu ya miaka 25 ya upadre mwaka 2024. Wengine walileta mbuzi, wengine vitenge na mafuta ya alizeti. Yeye alileta kisanduku kidogo kama cha sabuni. Alinivuta pembeni akaniambia, "Mjomba, wewe unamhudumia kila mtu isipokuwa mwili wako. Babu alianguka kwa kiharusi akiwa na miaka 58, nawe sasa unamkaribia. Vaa hii, hata kama ni kwa ajili yangu tu." Babu anayemtaja ndiye baba yangu mzazi. Sikuwa na jibu, nikaivaa.

Kwa wasiowahi kuiona, pete janja kwa nje haina tofauti na pete nyingine yoyote. Ni ya madini ya titani, haifikii hata gramu 6, haina kioo wala kitufe. Siri yake iko upande wa ndani, ule unaogusa ngozi. Humo mna taa ndogo sana zinazotoa mwanga wa kijani, mwekundu, na mwingine usioonekana kwa macho. Mwanga huo hupenya ngozi, hukutana na damu, na sehemu yake hurudi. Moyo unapopiga, damu hujaa katika mishipa ya kidole kisha hupungua, na mwanga unaorudi hubadilika kwa kadiri hiyo hiyo. Kwa kuyasoma mabadiliko hayo pete hujua moyo umepiga mara ngapi, na muda gani umepita kati ya pigo na pigo. Kidole kimechaguliwa kwa sababu njema, maana upande wake wa kiganjani una mishipa iliyo karibu na ngozi na yenye mapigo ya wazi kuliko mgongo wa mkono pale tunapovalia saa. Kuna pia kitambuzi cha joto, na kingine cha mwendo ambacho hujua kama umelala kimya au unagaragara. Habari zote hizo hupelekwa kwenye simu bila waya, na asubuhi unakuta zimepangwa.

Waliozisambaza sana pete za namna hii ni kampuni ya Oura, iliyoanzishwa mwaka 2013 katika mji wa Oulu nchini Ufini; Samsung ya Korea ya Kusini ikaleta ya kwake mwaka 2024. Za kampuni hizo mbili huuzwa kati ya dola 300 na 500 za Kimarekani, na baadhi ya kampuni hutoza ada ya kila mwezi juu ya bei hiyo. (Ada, kama ipo, analipa mpwa wangu. Sijathubutu kumuuliza.)

Neno moja ni lazima nilieleze mapema, maana mimi mwenyewe nilichelewa kulielewa. Usingizi, kwa upimaji wake halisi, hupimwa kichwani. Mjerumani Hans Berger alifaulu kunasa umeme wa ubongo wa binadamu mwaka 1924. Mwaka 1953, huko Chicago, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman walitangaza kuwapo kwa usingizi ule ambao macho huchezacheza chini ya kope, nao ndio usingizi wenye ndoto nyingi. Tangu hapo wataalamu wanaotaka kujua mtu amelalaje humbandika nyaya kichwani na usoni, wakamwangalia usiku kucha. Pete haina waya hata mmoja kichwani. Yenyewe inakisia. Inasoma mapigo, joto na utulivu wa mwili, kisha inasema kwamba hapa huenda alikuwa katika usingizi mzito, na hapa huenda alikuwa anaota. Katika kujua jumla ya saa ulizolala hukaribia ukweli. Katika kuugawa usingizi hatua kwa hatua hukosea zaidi. Lakini asubuhi makisio hayo yote huja yamevaa namba, na namba, ndugu zangu, ina sauti ya mwalimu wa hesabu.

Usiku wa kwanza nililala, kwa hesabu yangu mwenyewe, saa 7 kamili: niliingia kitandani saa nne ya usiku, nikaamshwa na kengele saa kumi na moja alfajiri. Pete ikaniambia saa 4 na dakika 50. Nikacheka, nikasema mashine hii haijazoea baridi ya nyanda zetu. Usiku wa pili ikasema saa 5 na dakika 5. Usiku wa tatu, uliokuwa wa Jumamosi, ikasema saa 4 na robo. Majuma mawili yalipopita sikuwa tena na la kuchekea. Ama kweli mtu aweza kujidanganya kwa utaratibu mzuri kabisa. Nilikuwa nikihesabu muda wa kuwa kitandani kana kwamba wote ni usingizi, ilhali saa nzima ya mwanzo ilikuwa ya simu: ujumbe wa kamati ya ujenzi, picha za harusi, mabishano ya kundi letu tuliosoma pamoja seminarini, halafu taarifa ya habari ambayo nilikwisha kuisikia redioni. Jumamosi iliharibika kuliko siku zote kwa sababu niliandika mahubiri usiku wa manane, jambo ambalo miaka yote nimewakanya mashemasi wanaokuja kwetu kwa mazoezi ya kichungaji.

Ilinifunua hata mezani. Siku moja nilirudi kutoka harusini ambako nilikula ndafu saa tatu ya usiku na kunywa chupa mbili za bia (sioni sababu ya kuficha, mlinimiminia ninyi wenyewe). Kwa kawaida moyo wangu usiku hushuka hadi mapigo 58 hivi kwa dakika. Usiku ule ulikaa juu ya 70 mpaka saa tisa, kama mlinzi aliyesahau kwamba zamu yake imekwisha.

Mwaka 2015 wataalamu wa usingizi wa Marekani walikubaliana kwamba mtu mzima anahitaji walau saa 7 za usingizi kila usiku kama desturi yake. Mimi nilikuwa nadaiwa saa mbili kila siku, tena kwa miaka mingi. Basi nikaanza kutii. Simu nikaiacha ofisini baada ya sala ya mwisho wa siku. Chakula cha jioni tukakirudisha nyuma hadi saa moja, na paroko msaidizi akanivumilia. Mahubiri nikayahamishia Ijumaa asubuhi. Alama zangu, ambazo pete huzitoa kati ya 0 na 100, zikapanda kutoka 61 hadi 70, kisha 80 na kitu. Na haikuwa namba tupu. Katibu wa parokia alikiri kwamba siku hizi haogopi kuniletea hesabu za sadaka kabla ya saa nne asubuhi. Mwalimu wa kwaya naye aliniuliza kama nilikuwa likizo.

Ningekuwa mnyofu nusu tu kama ningeishia hapo.

Programu yangu ina desturi ya kuweka kataji kadogo juu ya alama inapovuka 85. Mtu mwenye miaka zaidi ya 50, aliyesoma falsafa na teolojia, hakupaswa kuhangaikia kataji. Nilikahangaikia. Nilifumbua macho na kabla ya kufanya ishara ya msalaba mkono ulikwisha kuifuata simu, ambayo kwa ajili hiyo niliirudisha chumbani. Nikikuta 88, siku ilianza kwa furaha. Nikikuta 69, nilijisikia mgonjwa, hata kama dakika moja kabla nilikuwa mzima wa afya. Baadaye nilisoma kwamba madaktari wa Marekani waliyaandika haya mwaka 2017. Walikutana na watu waliohangaikia usingizi kamili wa kwenye vifaa vyao mpaka hangaiko lenyewe likawanyima usingizi, wakauundia ugonjwa huo jina. Mimi sikuwa nikikosa usingizi. Kwangu ulijitokeza kwa namna nyingine: nikawa mchoyo wa usiku wangu.

Mwanzo ilikuwa mambo madogo. Jumuiya moja inayosali jioni kwa sababu wanajumuiya wake ni vibarua wa mashamba ya chai ilinialika, nikamtuma msaidizi. Kikao cha kamati ya fedha kilipofika saa mbili na nusu usiku nilikiahirisha, na wajumbe walidhani nimekasirishwa na bajeti. Kisha, katika Kwaresima ya mwaka 2025, nikafanya jambo ambalo mpaka hapo nilikuwa sijalifanya tangu nipewe daraja takatifu. Nilizima sauti ya simu usiku. Nilijiambia kwamba ni ya majuma ya mfungo tu, kwamba mwili nao una haki yake, kwamba wenye shida watapiga ya msaidizi. Msaidizi juma lile alikuwa kwenye semina jimboni. Nililijua hilo. Nilikuwa nimemsindikiza mwenyewe kituo cha basi.

Ilikuwa usiku wa Jumatano, mvua ikinyesha. Katika kigango chetu cha mbali, kilomita 11 za barabara ambayo wengi wenu mnaifahamu, bibi mmoja aliyekuwa amelala kitandani tangu Noeli alizidiwa. Kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi nilimpelekea Komunyo, naye kila mara alinilaumu kwamba sinywi uji wake hadi tamati. Saa saba na dakika 10 usiku alimwomba binti yake aniite. Binti akampigia katekista, katekista akanipigia mimi. Akapiga tena saa saba na dakika 25. Simu iliwaka mwanga mezani, umbali wa mkono mmoja kutoka kichwani pangu, bila kutoa sauti. Bibi alifariki kabla ya saa kumi. Katekista alifika kwa pikipiki saa kumi na mbili na nusu, koti likichuruzika maji, akanikuta nimekaa kwenye ukingo wa kitanda.

Nilikuwa nimekwisha kuitazama simu. Lakini sikuanza na zile simu mbili ambazo hazikupokelewa. Nilianza na alama. Usiku ule nilikuwa nimepata 91, alama ya juu kuliko zote nilizowahi kupata, na kataji juu yake, na maneno ya kunipongeza.

Naandika haya kwa sababu familia imeniruhusu, nami niliwaeleza yote kabla ya mazishi, chumbani mle mle. Sikutaka kusimama kaburini nikihubiri juu ya uvumilivu wa marehemu huku wenye msiba wakidhani kwamba mtandao ulikatika. Binti alinisikiliza akiwa amejitanda kanga mpaka machoni. Kisha akasema, "Padre, tulitaka kupiga mara ya tatu. Mama mwenyewe alikataa. Alisema mwacheni Baba alale, kesho ana Misa asubuhi." Sikuweza kumjibu. Mpaka leo sijui kama aliyasema ili kunifariji au kunieleza tu jinsi ilivyokuwa, nami sijamwuliza. Niliungama kwa padre jirani siku ile ile jioni, na maondoleo nimeyapokea kwa imani. Barabara ile nikiipita bado napunguza mwendo penye ile nyumba.

Pete niliivua, nikaitupa ndani ya droo pamoja na betri zilizokufa na funguo zisizojulikana ni za mlango gani. Kwa majuma matatu nilikuwa naisema vibaya kwa kila mtu aliyenisikiliza. Mezani nilimweleza padre wetu mzee, aliyestaafu na anayeishi nasi, jinsi mashine za siku hizi zinavyomwibia mtu moyo wake. Aliniacha nimalize. Akapangusa mdomo, akasema, "Pete haina vidole, mwanangu. Simu uliizima wewe." Halafu akaomba apitishiwe chumvi.

Katika majuma yale nilikumbuka jambo alilolisema Baba Mtakatifu Fransisko, aliyefariki tarehe 21 Aprili 2025. Alipokutana na familia huko Manila mwezi Januari mwaka 2015, alieleza kwamba anayo mezani kwake sanamu ya Mtakatifu Yosefu akiwa amelala, na kwamba akiwa na tatizo huliandika kwenye karatasi na kuliweka chini ya sanamu hiyo, ili Yosefu aliote. Nilipenda sana habari hiyo ilipotoka, nikaitumia katika mahubiri zaidi ya mara moja, daima kwa kuwahimiza waamini wapumzike kwa imani. Safari hii nilirudi kwenye Injili ya Mathayo nikaona nililokuwa nikiliruka. Yosefu alilala kweli, tena usingizi wa kutosha kuota. Lakini alipoonywa kuhusu Herode aliondoka na mtoto na mama yake usiku ule ule. Hakungoja kupambazuke. Usingizi wake ulikuwa na mlango.

Na sasa nifike kwenye upande wa pili wa habari hii, kwa maana ningemwonea mpwa wangu, na labda hata pete, nikiuacha.

Mwezi Mei nilikwenda kupima afya kama mapadre wote wa jimbo tunavyotakiwa. Daktari aliuona ule mstari mweupe kidoleni, akauliza pete imekwenda wapi. Nikamsimulia kwa ufupi, bila ya bibi. Akaniomba nimfungulie programu. Nikaanza kumwonyesha alama zangu, naye akanikatiza kwa upole. "Hizi za asubuhi sizihitaji, Padre. Nionyeshe upumuaji." Kulikuwa na ukurasa ambao kwa miezi minane sikuwahi kuugusa, kwa kuwa haukuwa na kataji. Ulionyesha jinsi oksijeni katika damu yangu ilivyokuwa ikipandapanda na kushuka usiku. Karibu kila usiku palikuwa na mashimo mashimo, hata ule wa alama 91.

Aliniuliza kama nakoroma. Nikasema sijui, mimi hulala peke yangu. Akaniambia nimpigie simu msaidizi wangu pale pale. Kuta za nyumba yetu ya mapadre ni nyembamba, nanyi mnajua ilivyojengwa. Msaidizi alicheka mpaka daktari akasikia, halafu akanyamaza na kusema kwamba kuna nyakati mkoromo hukatika kabisa, na yeye upande wa pili hukaa akisubiri kama utarudi. Hakuwahi kuniambia kwa sababu ya heshima.

Daktari akanieleza. Kwa baadhi ya watu, hasa wanene wa shingo kama mimi, njia ya hewa kooni hulegea na kujifunga wakati wa usingizi. Pumzi husimama kwa sekunde 10, 20, hata zaidi. Oksijeni hushuka, mwili unashtuka nusu, moyo unakwenda mbio, mtu anavuta pumzi kwa kishindo na kulala tena bila kukumbuka lolote. Hilo likirudiwa mara nyingi kila usiku, shinikizo la damu hupanda, na hatari ya kiharusi huongezeka. Alipotaja kiharusi nilimwona baba yangu, na kiti chake cha mkwaju barazani, na mkono wake wa kushoto uliokuwa ukikoroma pamoja naye. Sote nyumbani tulikuwa tukimcheka. Mdogo wangu alikuwa akimwigiza.

Alinipima presha siku tatu tofauti. Haikuwahi kushuka chini ya 150 kwa 92.

Akaniongezea jambo ambalo nadhani litawafaa wengi mnaotumia vifaa hivi au vile vya kubana kidole vinavyouzwa siku hizi madukani. Njia ya kupima oksijeni kwa mwanga ilibuniwa na Mjapani Takuo Aoyagi miaka ya mwanzo ya 1970, na imeokoa watu wasiohesabika. Lakini rangi ya ngozi nayo hunyonya mwanga. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani waliripoti kwamba hata vipimo vya hospitali vilishindwa kuona upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara 3 zaidi ya kwa wagonjwa weupe. Vilionyesha namba nzuri kuliko hali halisi ya damu. "Kwa hiyo," alisema, "kwa ngozi yako na yangu, pete ikikwambia uko salama, usisherehekee. Ikikwambia kuna tatizo, njoo." Ameniandikia rufaa ya kupimwa usingizi kwa vyombo kamili, vile vya nyaya, nami nasubiri zamu. Wakati huo huo nameza dawa ya presha kila asubuhi, nalala kwa ubavu, na mpishi wetu ameagizwa kunipunguzia ugali. Amelitekeleza agizo hilo kwa ukali ambao sikuutarajia kwake.

Nilimwandikia mpwa wangu yote, pamoja na habari ya bibi. Alijibu kwa sentensi moja: "Mjomba, ivae tena, simu iwashe." Nimefanya hivyo.

Siku hizi pete huifungua habari zake Jumatatu tu, siku yangu ya mapumziko, nikiwa na daftari ambalo daktari ameniambia niandike mapigo na presha. Sipendi kusema kwamba nimeshinda. Asubuhi nyingine mkono bado unaitafuta simu, nami nauita urudi. Nimeona pia kwamba sijakosea kuutaka usingizi. Yule padre wa zamani aliyejisifu kwa kulala saa 4, ambaye nilikuwa mimi, alikuwa akiwagombeza wanakwaya na kujiita mtu wa sadaka. Sitaki arudi. Kosa langu lilikuwa kuulinda usiku peke yangu, kwa siri, kwa gharama ya mwingine, badala ya kukaa na wenzangu mezani na kuugawana.

Ndivyo tulivyofanya hatimaye. Msaidizi wangu nami tumegawana majuma. Mwenye zamu hulala na simu ya parokia, sauti ikiwa juu kabisa, viatu na mafuta ya wagonjwa vikiwa karibu na mlango. Asiye na zamu hufunga yake na kulala bila kujilaumu. Kama wote wawili tuko safarini, padre mzee ameshika jina la paroko jirani, ambaye amekubali. Makatekista wote wanayo ratiba, na wameagizwa wapige hata mara kumi, hata kama mgonjwa mwenyewe anawakataza. Namba ni ile ile iliyobandikwa kwenye mlango wa ofisi.

Juma hili zamu ni yangu. Nawatakieni Dominika njema.